Soda yangu asiifungue kwanza

Mhariri, asalaam aleikum. Wiki hii mmeuliza, wewe ni shabiki wa kutumaini mema au wa kungojea mabaya, na kwa klabu yako mchezaji bora wa zama zote ni nani. Nyinyi mmeyaandika kama maswali mawili lakini kwangu mimi ni moja, n'taeleza kwa nini, ila mnivumilie manake mimi ni Arsenal na mtu wa Arsenal ukimuuliza swali ushajitakia mwenyewe.

Barazani kwetu Majengo, hapa Mombasa, naitwa Kisirani. Jina nlilopewa na mamangu lipo lakini halitumiki, hata watoto wa mtaani wakinipita ni "Ami Kisirani, leo tutafungwa ngapi?" Baraza lenyewe ni nje ya duka la vipuri vya tuktuk la jirani yangu, kuna benchi moja refu na kiti cha plastiki kilokatika mkono ambacho ni cha Babu na hakikaliwi na mwengine, baada ya isha anapita muuza kahawa na dele lake na kashata, na hapo ndo tunamaliza mambo yote ya Uingereza kabla hatujaenda kulala. Huyo jirani mwenye duka ndo kinyume changu. Yeye kila kitu inshallah. Tumefungwa, inshallah wiki ijayo. Beki kaumia goti, inshallah yule kijana wa benchi atapata nafasi. Mimi pia nasema inshallah, si kwamba sisemi, lakini mnajua inshallah ziko mbili, kuna ya mtu anayeamini na kuna ya fundi cherehani ukimuuliza kanzu itakuwa tayari kabla ya Idi. Yangu ni ya fundi.

Sikuzaliwa hivi. Tarehe naikumbuka, 17 Mei 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Paris, sisi na Barcelona. Huku kwetu mechi ilianza saa nne kasorobo usiku, tumejazana ndani ya kibanda cha vidio, mabati juu, feni moja inazunguka kama imelazimishwa, na mwenye kibanda bado anapokea watu mlangoni. Dakika ya 18 kipa wetu Lehmann akamwangusha Eto'o akala nyekundu, kocha Wenger akamtoa Pires ili aingize kipa mwengine, Almunia, na mimi nawaambia ukweli bado nlikuwa mzima wakati ule, bado natumaini. Dakika ya 37 Henry akapiga frikiki, Sol Campbell akapanda, kichwa, moja bila na tuko watu kumi! Kibanda kikapasuka. Jirani yangu, enzi hizo hana duka hana chochote, akatoka mbio akarudi na krate nzima ya soda alokopa, akagawa chupa chupa, hii ni ya kombe, kunyweni. Nami nikafungua yangu. Nlikuwa nimefika nusu dakika ya 76 Eto'o aliposawazisha, na kabla sijaimeza vizuri ile ya mdomoni akaja Belletti, beki wa kulia, mpira ukampita Almunia miguuni, mbili moja kwisha habari. Baadaye nikaja kujua kwamba katika miaka yote alochezea Barcelona Belletti alifunga bao hilo hilo moja. Moja! Yaani lilikuwa limewekwa akiba kwa ajili yetu. Ile nusu soda niliishika mkononi mpaka ikapata joto kama chai, na krate jirani alilipa kidogo kidogo mpaka Ramadhani.

Sasa tuje kwa mchezaji bora. Jirani yangu ukimuuliza hapumui, ni Kanu. Si Henry, si Bergkamp, ni Nwankwo Kanu, na sababu yake ni siku moja tu, 23 Oktoba 1999, ugenini kwa Chelsea. Tumeshafungwa mbili, uwanja umelowa, imebaki robo saa. Dakika ya 75 Kanu moja, dakika ya 83 Kanu mbili, halafu dakika ya 90 ndo lile ambalo jirani analisimulia akiwa amesimama, kipa wao De Goey ametoka golini mpaka pembeni kabisa kule kushoto, Kanu akamhadaa na ile miguu yake mirefu akampita, amebaki karibu na mstari wa mwisho ambako mtu mwenye akili zake angetia krosi, yeye akaukunja mpira ukapita juu ya mabeki ukaingia. Tatu mbili. Jirani anaapa kwamba tangu siku ile hajawahi kutoka kwenye mechi kabla haijaisha, hata tukiwa nyuma manne, na ni kweli hatoki, mkewe ashalalamika sana.

Mnaona basi. Mtu wa inshallah humpenda mchezaji alompa kitu ambacho hakukitarajia. Kisirani kama mimi nampenda yule alonifanya nisiogope. Mtihani wangu mimi ni kahawa. Tunaongoza moja bila, dakika ya 80, muuza kahawa anapita nje anagonga vikombe vyake. Je, naweza kuinuka nikaenda kununua? Kwa mchezaji gani uwanjani naweza kuwapa televisheni mgongo na roho yangu ikatulia? Katika miaka yangu yote ya Arsenal jibu ni moja tu, Patrick Vieira.

Mzaliwa wa Dakar, kaja 1996 kutoka AC Milan ambako hata hawakuwa wanamchezesha sana, kaondoka 2005. Miaka tisa. Siongei kuhusu mapambo, naongea kuhusu mtu ambaye mpira ukipotea pale kati wewe hushtuki kwa sababu unaona ule mguu unakuja, mrefu kama wa ngamia, unauchukua mpira bila hata kumgusa mwenyewe. Msimu wa 2003/04 ambao hatukufungwa mechi hata moja ya ligi, 38, kushinda 26 na sare 12, ule mchezo wa mwisho na Leicester tulikuwa nyuma moja bila, jamani, mechi ya mwisho na timu ambayo ishashuka daraja, mimi nishaanza kusema si niliwaambia. Henry akasawazisha kwa penalti, na la pili nani alofunga kwa pasi ya Bergkamp? Vieira. Halafu mpira wake wa mwisho kabisa kuugusa akiwa na jezi yetu ni penalti ya mwisho ya fainali ya Kombe la FA 2005 dhidi ya Manchester United, akatia, kombe, akaenda Juventus. Tukakaa mpaka 2014 ndo tukashika kombe jengine. Mtu anaondoka na funguo za nyumba miaka tisa!

Jirani ana jibu lake na si baya. Ananiambia, huyo Vieira wako unayesema alikuwa anakutuliza roho, si ndo alopewa nyekundu Old Trafford Septemba 2003, tukabaki kumi, Van Nistelrooy akapewa penalti dakika za mwisho, na kama si mwamba wa juu kuokoa ile rekodi yote ya kutoshindwa ingekufa hata haijatembea? Kweli. Siku ile sikunywa kahawa. Sina la kusema hapo, nabadilisha mada tu.

Kuhusu Henry, manake najua mtaniandikia. Mabao 228, hakuna alomfikia, sanamu yake iko nje ya uwanja, yote nayajua. Lakini Henry ni jibu la mtu anayefanya mtihani, unaandika unalojua mwalimu anataka. Na zaidi ya hapo mimi Kisirani nikimuona Henry namuona Paris, peke yake na Valdés kipa wa Barcelona, tukiwa bado tunaongoza, na mpira ukiishia mikononi mwa kipa. Si haki, najua.

Msidhani kuwa kisirani ni raha. Tarehe 5 Februari 2011 tulikuwa kwa Newcastle, mapumziko tunaongoza manne bila, watu wanacheza ngoma barazani, mimi nikasema polepole tu, haijaisha hii. Nlitukanwa na watu ambao baba zao nimewazika. Kipindi cha pili Diaby akapata nyekundu, wakaanza kurudisha, moja, mbili, tatu, halafu Cheick Tioté akapiga lile shuti la kutoka nje, manne kwa manne. Hakuna hata mmoja alonambia ulikuwa sahihi. Badala yake nkaambiwa ni mimi nlosababisha, na kwa mwezi mzima nlikatazwa kuangalia mechi pamoja nao, nkawa naangalia nyumbani na wanangu, na wao pia walikuwa wananitazama kwa jicho la pembeni.

Juzi tulikuwa tunabishana haya haya, sauti zimepanda, jirani ananambia misimu mitatu mfululizo tumemaliza namba mbili, 2023, 2024, 2025, hiyo ni dalili, mlango unagongwa utafunguliwa, na mimi namwambia namba mbili mara tatu si kugonga mlango, ni kulala barazani. Akanitolea kiungo wetu Rice na Real Madrid mwezi wa Aprili, frikiki mbili mechi moja, mtu ambaye hajawahi kufunga frikiki ya moja kwa moja maisha yake yote, sasa hiyo si ishara? Nkamwambia ishara ya kutolewa na PSG. Hapo Babu ambaye huwa hasemi akaweka kikombe chini.

"Nyinyi watoto mwalia nini? Miaka ishirini na moja bila ubingwa ndo miaka? Mimi timu yangu ni Feisal. Tumechukua ubingwa wa Kenya 1965, na tangu hapo mji huu mzima haujauona tena."

Tukanyamaza. Jirani kwa adabu akamuuliza, "Babu, basi kwako mchezaji bora ni nani?" Akasema, "Kajo," basi, kama mtu alotaja jina la siku. Ali Kajo wa Feisal na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Sisi hatukumuona akicheza, tumelelewa tu na jina lake. Nkamwambia tueleze Babu, alikuwa vipi. Hakueleza. Alivua kandambili moja akaiweka kwenye saruji, hii beki, akachukua kipande cha kashata, huu mpira, na kwa kidole kimoja kilokunjamana akakisukuma kile kashata polepole kuelekea kwenye kandambili, polepole, mpaka kikakaribia kugusa, halafu ghafla pembeni, fya! na mkono wake wote ukaenda nacho. Mzee yule akipandishwa ngazi anashikwa. Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga.

Nkamuuliza, sasa Babu wewe uko upande gani, wa jirani au wangu? Akasema yeye hana upande, yeye ni kama mtu wa Likoni anayengoja feri, hutumaini wala hukati tamaa, unasimama tu na mzigo wako. Kisha akala ule mpira.

Jirani hakukubali kushindwa, akaileta Bandari, timu ya hapa kwetu Mombasa, manake akikosa hoja za London hurudi Mbaraki, uwanjani kwao. Bandari nayo ilikuwa namba mbili nyuma ya Gor Mahia kwenye ligi ya Kenya 2018 na tena 2018/19, na mwaka huo huo wa 2019 ikachukua Kombe la Ngao, kwa hivyo anayekaa namba mbili hupata kitu. Sawa, nakubali, na nlikuwa na furaha ile ambayo hata sikujijua. Lakini hata kwa Bandari mimi mchezaji wangu alikuwa kipa, Farouk Shikhalo, kwa sababu zile zile za kahawa, na nyinyi mnajua ilokuwa, 2019 hiyo hiyo Yanga wakamchukua akavuka mpaka. Sijui kwani wanangojea nimpende mtu ndo wamnunue. Tofauti ni kwamba pale Mbaraki kutumaini hakuumizi sana, mchezaji kakosa bao Jumamosi, Jumatatu mwakutana stejini unamtania, yeye mwenyewe anacheka. Wa London utamtania wapi?

Kwa hivyo jibu langu Mhariri, kisirani, na Vieira. Jumapili hii tarehe 17 Agosti 2025 tunafungua msimu na Manchester United kwao Old Trafford, huku itakuwa saa kumi na mbili u nusu jioni, magharibi itatukuta humo humo. Jirani amefurahi mpaka anakera, anatamka Gyökeres kwa namna tatu tofauti na zote amekosea, eti straika tumepata sasa hakuna wa kutuzuia. Jana nimemkuta ameshaleta krate, ameiweka chini ya kaunta nyuma ya mifuko ya breki, safari hii kwa pesa taslimu. Nimehesabu, ziko ishirini na nne. Nimemwambia sikatai, moja ni yangu, lakini aiache na kifuniko chake mpaka refa apige filimbi.