Besi imepotea kwenye sofa, niongeze ampli?

SWALI: Habari fundi. Nipo Ilazo hapa Dodoma, sebule yangu ni mita 5 kwa 4, nina ampli ya stereo, spika mbili na sabufa ya inchi 10 nimeiweka kona ya mbele karibu na TV. Sofa langu lipo katikati ya sebule kwa sababu nyuma kuna meza ya chakula. Nikikaa hapo besi nzito siisikii kabisa, ila nikisimama kona ya nyuma inanguruma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Kuna fundi alikuja akapandisha 40 Hz, yaani besi ya chini kabisa, mpaka mwisho kwenye ikwalaiza (vile vitufe vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba), hakuna kilichobadilika, sasa anasema ninunue ampli kubwa zaidi. Ninunue?

JIBU: Usinunue kaka, na hio 40 Hz irudishe kwenye sifuri leo leo kabla koili ya sabufa (ule waya uliosokotwa ndani ya spika) haijaungua. Swali hili linanijia kila mara na kila mara nakuta mtu keshaambiwa kitu kilekile, besi haitoshi ongeza, ikishindikana nunua kubwa. Sabufa yako nzima kabisa, ushahidi umeutoa mwenyewe, ukienda kona ya nyuma vioo vinatetemeka. Ampli ingekuwa dhaifu, hata huko kona usingesikia kitu.

Shida ni hapo ulipokaa. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo wimbi la 40 Hz, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu, ni refu kuliko sebule yako. Linagonga ukuta linarudi linakutana na linalokuja, kuna sehemu yanasukuma pamoja besi inajaa, na kuna sehemu moja linasukuma lingine linavuta, hapo panabaki patupu, ndo pengo lenyewe. Kujua chumba chako kinavuma kwenye masafa gani, chukua 343 ugawanye kwa urefu wa chumba mara mbili, mita 5 inakupa 34 Hz, mita 4 inakupa 43 Hz, na pengo la zote mbili linaangukia katikati ya chumba. Yaani kwenye sofa lako. Alafu nyumba zetu hizi za tofali za saruji na vigae chini, ukuta haunyonyi besi, karibu yote inarudishwa ndani, labda gypsum ya juu ndo inakula kidogo.

Sasa kinachoniuma ni hii imani kwamba pengo linajazwa kwa ikwalaiza. Halijazwi! Ukipandisha 40 Hz umeongeza wimbi linaloenda na umeongeza na lile linalorudi, kwa kiasi kilekile, kwahiyo yanaendelea kufutana kama mwanzo. Kilichoongezeka ni mzigo tu. Ukipandisha desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) maana yake nguvu mara 16, sabufa iliyokuwa inaomba wati 20 sasa inaomba wati 320, koni, ile sehemu ya mbele inayocheza, inapiga mwisho, koili inachemka, na wewe hapo kwenye sofa husikii kitu ila jirani anasikia. Nimeshafungua sabufa nyingi zilizokufa hivi, koili nyeusi tii, na mwenyewe anaapa kwamba hajawahi kufungulia sauti kubwa, na ni kweli kabisa hajawahi.

Anza na sofa. Lirudishe nyuma hata sentimita 80, meza ya chakula isogee pembeni, maana ukiwa ndani ya pengo hakuna pa kuiweka sabufa ukaipata hio 34 Hz. Ukishapata sehemu ya kukaa, beba sabufa uiweke hapohapo juu ya sofa, weka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, alafu zunguka umeinama ukifuata kuta, pale unaposikia kila noti inatoka sawasawa bila moja kuvimba na nyingine kupotea, hapo ndo kwake. Mara nyingi sio kwenye kona, maana kona inaamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja.

Kuiunganisha na spika: anza na krosova, kile kitufe cha kugawa besi iende kwenye sabufa na sauti nyingine kwenye spika, kwenye 80 Hz au chini kidogo, ila kama ampli yako ina krosova yake basi ile ya kwenye sabufa ifungue mpaka mwisho, isije ikakatwa mara mbili. Swichi ya fezi (inayogeuza koni ya sabufa isukume au ivute pamoja na spika) usiipuuze, kaa kwenye sofa, mtu akubadilishie 0 na 180, bakiza ile ambayo besi imejaa zaidi. Sauti ya sabufa panda taratibu, ukianza kuisikia kama kitu kinachojitegemea, shusha kidogo.

Ikwalaiza inakuja mwisho kabisa, na kazi yake kubwa ni kushusha sehemu iliyovimba. Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, ukiwa na maiki ya kupimia itakuonyesha ni masafa gani. Maiki ya simu huko chini usiiamini.

Na wengine mnaosoma, mtu akikuletea boksi la spika limeandikwa PMPO (namba ya nguvu ya kutangazia biashara) wati 5000, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme, ukikuta wati 60 basi boksi hilo haliwezi kutoa zaidi ya hapo kwa muda mrefu, umeme wa ziada utoke wapi? Wale wa kubandika trei za mayai ukutani ili kutuliza besi ndo usiseme, trei ina kina cha sentimita chache na wimbi ni mita 8, inapita kama haipo. Watu wanatoa hela kwa haya mambo, tena hela ya kujinyima.

Na wewe kaka, huyo fundi akirudi, kabla hajagusa kitu muulize siku ile alipopandisha 40 Hz alikuwa anasikilizia wapi, kwenye sofa lako au amesimama kwenye ampli.