Hatugombani mbele ya mtoto, mbona amebadilika?

Pole dada. Umesema wa kwako ana miaka minne, ameanza tena kukojoa kitandani, chekechea anapiga wenzake, na nyumbani habanduki mgongoni kwako. Ukasisitiza kwamba wewe na baba yake hamjawahi kugombana mbele yake. Hapo nikajiona mimi, maana wangu naye alikuwa hivyohivyo.

Sisi nasi hatukuwa watu wa kelele. Tulikuwa tunanuniana. Siku tatu, nne, sahani inatuliwa mezani bila neno, ujumbe unapitia kwa mtoto: "Mwambie baba maji ya kuoga tayari." Tukajiona wastaarabu! Kumbe tulishamfanya mtoto tarishi, na kila akitumwa anasoma kwanza sura zetu. Jioni moja akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?" Hakuwa amefanya kitu. Lakini mtoto wa umri ule, akiona nyuso zimekunjwa na hakuna anayemweleza, anahisi chanzo ni yeye. (Mama mkwe alishaliona hili mapema. Nikamwona anajiingiza.)

Baadaye nikasoma habari za jaribio alilofanya mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto mchanga, kisha anaambiwa akaze uso, asicheke wala kuitikia, kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele amrudishe mama yake. Akishindwa, anageuka pembeni na kulia. Niliweka simu chini. Dakika chache, nami wangu nilikuwa nampa siku nne.

Kukosana hatukuacha, na anayekuambia ameacha, muulize mwenzake. Tulichokata siku hiyohiyo ni kumtuma mtoto. Kazi ilikuwa kwenye kupatana. Zamani tulipatana usiku, mlango umefungwa, yeye kalala; kwa hiyo ugomvi aliuona, mwisho wake hakuwahi kuuona hata mara moja. Sasa mmoja wetu anamwambia, "Mimi na baba tumekwazana, wewe hujakosa kitu, tutayamaliza." Na tunayamaliza sebuleni, yeye akiwepo. Yale mazito ya wakubwa, hela na ndugu, yanabaki chumbani, ila kusameheana anakuona. Mume wangu ilimuwia vigumu kuomba radhi mbele ya mtoto, aliona anajishusha. Mara ya kwanza alisema huku anatazama ukuta.

Msitegemee wiki moja. Kwanza mpelekeni akapimwe mkojo, isije ikawa ni maradhi mkaanza kulaumiana bure. Sisi tulifanya hivyo, akakutwa mzima. Kitanda kilichukua kama miezi miwili kukauka. Kuacha kupiga wenzake kulichelewa zaidi. Siku moja mwalimu akaniambia amemsukuma mwenzake, halafu akamfuata mwenyewe na kumwambia, "Tumekwazana, tutayamaliza."

Kesho yake akamsukuma tena, lakini akamfuata tena.