Mpango wa ardhi wa kijiji umepitwa na wakati na fedha hakuna: tulivyofanya sisi

Mkuu, umeuliza muanzie wapi: mpango wenu wa matumizi ya ardhi umepitwa na wakati, kijiji kimegawanywa, na wilayani mmeambiwa bajeti hakuna. Nilikaa miaka sita kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji chetu na tulipita humo humo.

Msianze na fedha, anzeni na mipaka. Kijiji kikigawanywa, ramani ya zamani inaonyesha mipaka ambayo si yenu tena, na hakuna mfadhili atakayeleta gari mahali ambapo majirani bado wanabishana. Sisi tulitembea siku mbili na wazee wa pande zote. Mahali pamoja tulikwama saa nzima: muhtasari wa zamani ulitaja mgunga mkubwa, na mgunga haukuwepo. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji jirani akaja, akafukua nyasi kwa mguu, akatuonyesha kisiki. Mti ulishachomwa mkaa. Tukaandika pale pale, wenyeviti wa vijiji wote wakasaini. Gharama yake ilikuwa uji na karatasi.

Muhtasari huo, pamoja na ule wa mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji auambatanishe na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kumbukeni Sheria ya Tanzania ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Mpango ni wenu. Timu ya wilaya, yaani watu wa ardhi, upimaji, kilimo, mifugo, misitu na maendeleo ya jamii, inakuja kuwasaidia. Shirika lolote litakalowafadhili litafanya kazi kupitia timu hiyo, kwa hiyo msiiruke hata kama imewachelewesha.

Kuhusu fedha, tazameni ardhi yenu ina nini. Wenye msitu wa kijiji wajaribu TFCG, shirika la uhifadhi wa misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Wafugaji wa kaskazini wanaijua UCRT, shirika linalosaidia jamii kulinda ardhi yao. Serikali nayo ina mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Miradi ya namna hii huchagua wilaya kwanza, vijiji baadaye, kwa hiyo swali la kumuuliza afisa ardhi ni kama wilaya yenu imo. Ulizeni pia Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi.

Kama mnachangia malisho au maji na wenzenu, ombeni pamoja. Kule Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga malisho yao kwa pamoja, wakayaita OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao. Ng'ombe hajui mpaka wa kijiji, na timu moja ikija safari moja kwa vijiji vitatu, mafuta na posho vinapungua sana.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo. Fedha za mfadhili wetu ziliishia kwenye ramani. Tulipiga picha, tukapiga makofi, wakaondoka. Sheria ndogo zilikuwa bado hazijapita baraza la madiwani, mabango hayakuwekwa, masijala, yaani ofisi ya kutunzia kumbukumbu za ardhi, haikuwa hata na kabati lenye kufuli. Msimu uliofuata watu walilima katikati ya njia ya mifugo, na kamati haikuwa na cha kuwashikia. Kesi mbili zilifika baraza la kata, na jirani yangu mmoja alipigwa fimbo hadi akavunjika mkono.

Kwa hiyo kabla hamjasaini makubaliano na yeyote, someni bajeti mstari kwa mstari. Sheria ndogo, mabango, masijala na hatimiliki za kimila viwe na fungu lake lililoandikwa. Wakisema hayo yatakuja awamu ya pili, ombeni waanze na eneo dogo zaidi lakini walimalize.

Uko wilaya gani? Ukitaja, nitakuelekeza mlango wa kwanza wa kugonga, na nitakuwekea hapa mfano wa barua yetu bila majina.