Maswali Yenu: Kim Swoo-geun, msanifu majengo wa Seoul

Mzee wangu hachoki kusimulia Seoul 1988, Peter Rono na Paul Ereng walivyoiletea Kenya dhahabu. Ule uwanja nani aliuchora?

Kim Swoo-geun. Mwambie mzee kwamba mipindo ya uwanja huo imetokana na mtungi wa kaure nyeupe wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Ulifunguliwa 1984. Kim hakuiona Olimpiki yenyewe. Alifariki Juni 1986, akiwa na miaka 55.

Kweli alituhumiwa kuiga Wajapani?

Kweli. Alisomea Tokyo, na makumbusho aliyoyajenga Buyeo, mji wa Korea Kusini, mwaka 1967 yalizua kelele: watu waliona humo lango la hekalu la Kijapani. Kwa taifa lililotawaliwa na Ujapani hadi 1945, hilo lilikuwa tusi. Yeye alikana.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda: jengo la Space, kampuni yake ya usanifu, lililoanza kujengwa 1971. Matofali ya kijivu iliyokolea, dari za chini, ngazi ambazo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Katika ukumbi wa chini wa jengo hilo, mwaka 1978, kundi la SamulNori lilipiga ngoma zake kwa mara ya kwanza. Leo ni makumbusho ya sanaa.

Nasikia alichora pia nyumba ya mateso. Si uzushi?

Si uzushi. Ni jengo la polisi la Namyeong-dong, la 1976, wakati wa udikteta. Januari 1987 mwanafunzi Park Jong-chul alifia humo akiteswa kwa maji, na kifo chake kikawasha maandamano yaliyoulazimisha utawala wa kijeshi kukubali rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi.

Wanaomtetea husema huenda hakuambiwa matumizi yake. Mimi naona shida kukubali. Ghorofa ya tano ina madirisha membamba kiasi kwamba kichwa hakipiti, na milango ya vyumba haitazamani. Msanifu aliyejua kupima mwanga hadi sentimita ya mwisho hakujiuliza chochote?

Bado lipo? Naenda Seoul mwezi ujao.

Lipo, jirani na kituo cha treni cha Namyeong, sasa ni makumbusho ya demokrasia. Mlango wa nyuma una ngazi za chuma za kuzunguka, zinazopanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tano. Wafungwa walipandishwa wakiwa wamefungwa macho. Zipande ukihesabu mizunguko, uone kama hutapoteza hesabu.