Maswali na Majibu: Haki za Wafanyakazi Ndani ya Mikataba ya Biashara

Vifungu vya kazi si njama ya matajiri kutufungia soko?

Swali hili hurudi kila mara, tena kwa watu ambao hawajafungua mkataba hata mmoja. Someni kwanza. Mkataba wa Kambodia na Marekani wa 1999 uliiongezea Kambodia mgao wa nguo za kuuza kadiri viwanda vilivyoboresha mazingira ya kazi. Mauzo yalikua, ajira zikaongezeka.

Vifungu hivi hupandisha mishahara?

Kwa kawaida havipangi mshahara. Hulinda haki ya wafanyakazi kujadiliana na mwajiri.

Nchi inayokandamiza wafanyakazi isifukuzwe tu sokoni?

Hapana! Swaziland, leo Eswatini, iliondolewa AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Januari 2015 kwa kubana vyama vya wafanyakazi. Hakuna waziri aliyekosa mshahara. Waliokosa ni washonaji, wengi wao wanawake, wale wale waliosemekana wanatetewa. Nchi ilirudishwa 2018, lakini kodi ya nyumba haingoji miaka mitatu.

Tazameni Silao, Mexico. Mkataba wa USMCA, wa biashara kati ya Marekani, Mexico na Kanada, unaruhusu kulalamikia kiwanda kimoja. Mwaka 2021 wafanyakazi wa General Motors walipigia kura mkataba wao wa kazi, karatasi za kura zikaharibiwa. Marekani ikalalamika, kura ikarudiwa Agosti, na mkataba ule ukakataliwa. Mwaka uliofuata walichagua chama kipya, SINTTIA, kikawapatia nyongeza ya 8.5%. Kiwanda kiliendelea na kazi. Adhabu imfuate mwajiri aliyekosa, isimwangukie fundi wa kiwanda cha jirani.

Ushahidi ukiwepo, kesi si imekwisha?

Waulizeni wafanyakazi wa Guatemala. Marekani iliishtaki Guatemala chini ya mkataba wao wa biashara, na jopo la usuluhishi la 2017 lilikubali kwamba waajiri walipuuza amri za mahakama za kuwarudisha kazini waliofukuzwa. Marekani ikashindwa hata hivyo, kwa sababu haikuthibitisha ya kutosha kwamba biashara iliathirika. Maneno machache ya mkataba yaliizamisha kesi nzima. Wanaotujadilia mikataba wayachunge maneno hayo.

Nashona EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya unanihusu?

Unakuhusu sana. Ulianza kutumika 1 Julai 2024 na una ahadi kuhusu haki za wafanyakazi. Ila usikae ukisubiri Brussels, makao ya Umoja huo. Ukipewa mikataba mifupi ya kazi mfululizo, au ukitishwa kwa kujiunga na chama, tunza nakala na andika tarehe, kisha upeleke kwa chama chako mapema. Lalamiko lisilo na karatasi halifiki mbali, hata mkataba uwe mzuri vipi.