Ujira wako na ulimi wako vimo katika mkataba mmoja

Wengi wanaoingia katika kazi ya kujitegemea ya kuandika programu, kutengeneza tovuti au kuandaa data hudhani malipo ni mazungumzo ya mwisho, na uhuru wa kutoa maoni ni mambo ya wanasiasa. Yote mawili huamuliwa siku moja, siku ya kusaini. Kifungu kimoja kinasema utalipwa lini. Kingine, kurasa mbili mbele, kinasema nini hutaruhusiwa kusema. Anayesoma cha kwanza akakiruka cha pili ameuza kitu asichokitia bei.

Anza na hesabu ya saa. Kosa la kawaida ni kuchukua kipato unachokitaka kwa mwaka na kukigawanya kwa 2,080, yaani wiki 52 za saa 40. Hizo ni saa za mwajiriwa, ambaye hulipwa akiwa likizoni, akiumwa, hata akisubiri kazi iletwe mezani. Wewe hulipwi siku hizo. Toa katika siku 365 zile 104 za mwisho wa wiki, sikukuu 10, likizo siku 20 na siku 5 za kuumwa: zinabaki 226. Kwa saa 8 kila siku, hizo ni saa 1,808. Lakini nyingi kati ya hizo huliwa na kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi, kutuma ankara, kujibu barua pepe na kujifunza. Anayeanza asijihesabie zaidi ya asilimia 60 kuwa saa za kulipiwa. Hapo unafika kwenye saa 1,085 hivi.

Sasa weka matumizi. Tuseme maisha yanadai 72,000 kwa mwaka. Kodi, bima na akiba ya uzeeni 18,000. Kompyuta, intaneti, umeme na programu za kulipia 10,000. Jumla ni 100,000, kwa sarafu yoyote ile. Ukigawanya kwa 2,080 unapata 48 kwa saa. Ukigawanya kwa 1,085 unapata 92. Anayetoza 48 anajilipa karibu nusu ya anachohitaji, na hatalitambua hilo mpaka kompyuta iharibike au msimu wa kodi ufike. Ifanye hesabu hii kabla ya kuuliza soko linalipa kiasi gani, kwa sababu soko limejaa watu ambao hawajaifanya, na bei zao ndizo utakazotajiwa.

Kazi za kulipwa kwa kipande zinahitaji hesabu kali zaidi: kuwekea picha lebo, kunakili sauti kwa maandishi, kupima majibu ya akili mnemba. Jukwaa la mtandaoni linalogawa kazi hizi litakuonyesha 10 kwa kila kipande, na unaweza kumaliza 6 kwa saa, kwa hiyo unaona 60. Kimoja kikikataliwa, zinabaki 50. Kabla ya saa hiyo ulitumia dakika 20 kutafuta kazi na kusoma maelekezo, dakika zisizolipiwa, kwa hiyo 50 ni malipo ya dakika 80: kwa saa ni 37.5. Jukwaa likikata ada ya asilimia 20, unabaki na 30. Ile 60 imegawanyika nusu kwa nusu, na hakuna aliyesema uongo popote. Pima hivi kwa wiki 2 ukiwa na daftari la safu tatu: dakika, namba ya kipande, kimelipwa au kimekataliwa. Piga picha za skrini na uzihifadhi nje ya jukwaa, kwa kuwa akaunti ikifungwa, historia yako hufungiwa ndani pamoja nayo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kuomba data zake na kujibiwa kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, na kifungu chake cha 22 kinaweka mipaka kwa maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo ingestahili kuwa ya kila mfanyakazi duniani. Mfumo unaopunguza ujira wa mtu bila kumweleza sababu, na bila kumpa binadamu wa kumkatia rufaa, ni mwajiri aliyejificha.

Kwa mradi wa bei moja, tatizo ni makadirio. Igawe kazi mpaka kila kipande kisizidi siku moja. Kipande unachoshindwa kukigawa ni kipande usichokielewa bado, basi rudi kwa mteja umuulize. Kila kimoja kipe makadirio matatu ya saa: ikienda vizuri, inavyoelekea kuwa, na ikienda vibaya. Zidisha ya kati kwa 4, jumlisha zote, gawanya kwa 6. Ukurasa wa kuingia wenye 2, 4 na 12 unatoa 5, si 4. Tofauti ya saa moja ni ndogo, lakini vipande 40 vya namna hiyo ni wiki nzima ya kazi ya bure.

Bei ikishapatikana, linda neno "kumaliza". Hapa ndipo wageni wengi huumia, wala si kwa sababu mteja ni mwovu. Mkataba unasema nusu ya fedha italipwa kazi ikikamilika, lakini haukuandikwa kukamilika ni nini. Mteja anaona kitu kipya cha kuongeza kila wiki, nawe huna ukurasa wa kumwonyesha. Andika orodha ya majaribio: mtumiaji anaweza kujisajili kwa simu, malipo yakishindikana anaona ujumbe, ukurasa unafunguka kwenye vivinjari viwili vilivyotajwa kwa jina. Andika kwamba mteja ana siku 7 za kukagua, na asipojibu kwa maandishi kazi imekubaliwa. Andika idadi ya marekebisho, mara 2 zinatosha, na bei ya saa kwa yatakayozidi. Malipo yagawe: asilimia 30 kabla ya kuanza, 40 toleo la kwanza likionekana kwenye seva yako, 30 kabla ya kukabidhi msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na nywila. Na kifungu kimoja ambacho watu husahau: hakimiliki inahamia kwa mteja baada ya malipo yote kupokewa. Bila sentensi hiyo, unaweza kuwa umeshakabidhi kila kitu na kubaki na ahadi tu.

Hakimiliki inatupeleka kwenye msimbo wa watu wengine. Msimbo uliouona mtandaoni bila leseni si wa kila mtu. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kama ulivyo leo, haki ya mtunzi haisubiri usajili, kwa hiyo kutokuwa na leseni maana yake hukupewa ruhusa. Leseni ya MIT inakutaka ubakize tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe. Leseni ya GPL inadai zaidi: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo huo, unaowapa wawe na haki ya kupata msimbo chanzi chini ya leseni hiyohiyo. Ndugu yake, AGPL, inafikia hata programu inayotumiwa kupitia mtandao bila kupakuliwa. Mteja aliyeahidiwa mali yake peke yake, akagundua ndani yake kuna msimbo wa GPL, ana haki ya kukasirika. Weka faili moja lenye jina la kila maktaba, yaani furushi la msimbo wa wengine, uliyotumia, toleo na leseni, na umkabidhi pamoja na kazi.

Kiswahili kinatusaidia katika jambo ambalo Kiingereza kinalichanganya kwa neno moja, "free", kwa kuwa sisi tuna "bure" na tuna "huru". Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani, alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza programu huru, hoja iliyofuata ilikuwa ya uhuru: kuendesha programu, kuichunguza na kuibadilisha, kuisambaza, na kusambaza ulichokibadilisha. Hakuna katika hayo kinachokataza kulipwa. Mteja akikwambia kwamba kwa kuwa umetumia programu huru kazi yako nayo iwe bure, mweleze kwamba analipia saa zako, ujuzi wako na dhamana yako ya kuitengeneza ikiharibika. Unaweza kuunga mkono programu huru kwa moyo wote na bado ukatoza 92 kwa saa.

Sasa ulimi. Mkataba wa usiri ni halali na mara nyingi una sababu: orodha ya wateja, nywila, bidhaa ambayo haijatangazwa. Ubaya wake ni upana. Ukisoma kwamba "taarifa zote za aina yoyote" ni siri "milele", omba mambo manne. Siri itajwe kwa aina au iwekewe alama. Muda uwe na mwisho, miaka 2 au 3. Yale yaliyokwisha kujulikana hadharani, na yale uliyoyajua kabla, yaondolewe. Na iandikwe wazi kwamba hakuna kinachokuzuia kuripoti uvunjaji wa sheria au hatari kwa watu, wala kuzungumzia malipo na mazingira yako ya kazi. Kifungu cha kutomsema vibaya mteja kiombe kiwe cha pande mbili; akikataa, umejifunza jambo kabla ya kusaini. Mabadiliko hayo omba kwa barua pepe fupi, kifungu kwa kifungu, ukiandika maneno mbadala mwenyewe. Mwanasheria wa upande wa pili hukubali haraka zaidi sentensi iliyokwisha kuandikwa kuliko lawama ya jumla.

Maoni yako ya kisiasa ni yako. Kifungu cha 19 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinalinda uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa, na kifungu cha 23 cha tamko hilohilo kinataja ujira sawa kwa kazi sawa. Waandishi wake waliziweka haki hizi katika orodha moja, na walikuwa sahihi. Lakini haki haikulindi na uzembe. Usitoe maoni kwa kutumia kompyuta au akaunti ya mteja, kwa kuwa mwenye mashine anaweza kuona kilichoandikwa humo. Usitaje mradi wake ndani ya hoja yako. Ukituma picha ya skrini, kagua majina ya folda, anwani na saa vinavyoonekana pembeni. Na faili la picha iliyopigwa kwa simu linaweza kubeba mahali ilipopigwa. Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, basi isome ya kwako kabla ya kuweka jina lako.

Kuhusu malipo, zungumza. Usiri wa mishahara humfaa anayelipa kidogo. Nchini Marekani, sheria ya kazi ya 1935 inawalinda waajiriwa wengi wa sekta binafsi wanapozungumzia mishahara yao wenyewe kwa wenyewe, lakini haimfikii mtu wa kujitegemea. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 maelekezo ya uwazi wa malipo: mwombaji kazi aelezwe kiwango cha kuanzia, na asiulizwe alikuwa akilipwa kiasi gani. Ukimwuliza mwenzako "unapata ngapi?" atajikunja. Muulize: "Kwa kazi ya tovuti ya kurasa 10 yenye malipo ya mtandaoni, usingekubali chini ya kiasi gani?" Kisha mpe namba yako nawe. Ukipata majibu matano ya namna hiyo una msingi imara zaidi kuliko tangazo lolote.

Malipo yakichelewa, fuata ratiba bila hasira. Ankara iwe na namba, tarehe ya mwisho, maelezo ya awamu na akaunti ya kulipia. Siku ya kwanza baada ya tarehe hiyo, tuma ukumbusho ukiambatanisha ankara. Siku ya 7, piga simu, kisha andika barua pepe ya yaliyosemwa. Siku ya 14, simamisha kazi kwa taarifa ya maandishi, kama mkataba ulivyoruhusu. Usizime tovuti ya mteja, usifute data, usiache mlango wa siri ndani ya msimbo: dai lako halali linaweza kugeuka kosa la jinai, na wewe ndiye utakayeshtakiwa. Baada ya hapo ni barua rasmi ya madai yenye siku ya mwisho, halafu mahakama ya madai madogo au msuluhishi aliyetajwa katika mkataba.

Ukiamua kusema hadharani, rudi kwanza kwenye kifungu cha usiri ulichosaini. Kikikuruhusu, andika kile tu ambacho nyaraka zinaonyesha: kazi ilikabidhiwa tarehe fulani, ilikubaliwa kwa barua pepe tarehe fulani, ankara namba fulani haijalipwa hadi leo. Usiandike "matapeli". Hilo ni neno utakalotakiwa kulithibitisha, na tarehe tatu zenye ushahidi zimekwisha kumweleza msomaji kila anachohitaji kujua.