"Mswada upi?"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya nyaraka za washairi, niwaambie nilikokosea mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma "Composition as Explanation", mhadhara ambao Gertrude Stein aliutoa Cambridge na Oxford mwaka 1926. Kila nilipokutana na maandishi yake niliandika kwenye daftari langu neno moja: mswada. Miezi ikapita, msimamizi wangu akauliza, "Mswada upi?" Nikabaki kutoa macho.

Stein, mwandishi Mmarekani aliyehamia Paris, alizoea kuandika kwa mkono kwenye madaftari ya watoto wa shule, hati kubwa, maneno machache kila ukurasa. Mwenzake Alice B. Toklas ndiye aliyeumudu mwandiko ule na kuupiga taipu. Halafu kuna chapa: mhadhara ulichapishwa London mwaka uleule na Hogarth Press, kampuni ya uchapishaji ya Leonard na Virginia Woolf. Sasa koma moja ikipotea, kwa mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa hazipendi koma, nani kaiondoa? Stein, Toklas au mchapaji? Noti inayosema "mswada" tu haikusaidii. Andika kama ni daftari, taipu au chapa, kisha namba ya sanduku na ya folda, palepale ulipokaa. Na picha unazopiga zipe majina hayohayo. Nyaraka zake ziko Maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Beba penseli, kalamu ya wino utaiacha nje.

Jihadharini pia na hadithi tamu. Katika The Autobiography of Alice B. Toklas (1933) tunaambiwa kwamba alasiri moja ya baridi Stein alikwenda gereji na Ford yake, akaketi kwenye Ford nyingine mbovu huku yake ikifunguliwa na kufungwa. Gari lilipopona, mhadhara nao ulikuwa umekwisha. Naipenda mno hadithi hii! Nikaitumia kama ushahidi, nikasahau kwamba kitabu hicho, kilichotoka miaka saba baada ya mhadhara, alikiandika Stein mwenyewe kwa sauti ya Toklas. Leo naisoma kama kazi yake nyingine ya sanaa. Habari ya kufuta na kurudia naiuliza karatasi.

La mwisho, someni kwa sauti. Kitabu hichohicho kinasema Stein alipewa nasaha mbili: mmoja alimwambia asome haraka na asiinue macho kabisa, mwingine asome polepole na asiyainamishe kabisa. Hiyo ni hofu ya mtu anayekwenda kusimama mbele ya watu, na mhadhara wenyewe unaishia kwa maneno ya kuwaaga: sasa basi, ni hayo tu. Mimi niliusoma kimya miezi mitatu, marudio yake yakinichosha. Siku niliyousoma kwa sauti jikoni, marudio yaleyale yakaanza kutembea, mpaka jirani akagonga ukuta.